Siku Kamati ya Mikopo Iliposhika Jembe

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na nane. Chekeni tu. Mkataba wangu wa kumsaidia afisa maendeleo ya jamii wa kata umekwisha, kiti changu kimeshafutwa vumbi, na nasikia ninyi wapya mko njiani kupanda milimani kuchukua kazi ileile: kutembelea vikundi vya kina mama na vijana wanaojiajiri, kuwaeleza habari za mikopo ya halmashauri isiyo na riba, kisha kuwa nao bega kwa bega mpaka fedha iingie au wakataliwe. Mama Mshana, aliyekuwa bosi wangu, ndiye aliyenituma. "Mwanaidi, waandikie wadogo zako," alisema, "wasije wakanitesa kama ulivyonitesa wewe." Aya hii ya kwanza nimeiandika mara nne. Mtanizoea.

Naanza na viatu, kwa sababu chuoni hakuna anayewaambia. Nunueni mabuti ya mpira pale Same kabla hamjapanda, maana juu bei yake inapanda pamoja nanyi. Mimi nilipanda na raba nyeupe. Nilikuwa nimefikiria kila kitu kuhusu raba zile: zisionekane za bei mbaya, zisionekane za mtu asiyejali, zikae vizuri na gauni refu. Mvua sikuifikiria. Wiki ya kwanza haijaisha, watoto wa kijiji walikuwa wananiita Dada Chokoleti.

Jambo la pili ni maneno. Katika mkutano wangu wa kwanza nilizungumza juu ya uwezeshaji jumuishi wa kiuchumi kwa makundi maalumu. Nilikuwa nimefanya mazoezi mbele ya kioo, hata mahali pa kupumua nilikuwa nimepanga. Nikamaliza. Mama mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akauliza, "Kwa hiyo tunapewa au hatupewi?" Mama Mshana, aliyekuwa amekaa pembeni akichambua mchicha wake wa jioni, hata hakuinua kichwa. "Mnakopeshwa," alisema, "mnarudisha kilekile mlichochukua, na mmoja wenu akitoroka wenzake wanamlipia." Watu wakaanza kuuliza maswali ya maana, na mimi nikajifunza kwamba hotuba yangu yote ilikuwa na uzito wa sentensi moja ya mtu mwenye mchicha mkononi.

Semeni wazi tangu mwanzo kwamba ni mkopo. Kijana mmoja wa bodaboda alinisimamisha njiani, akazima pikipiki kabisa ili asikie vizuri.

"Dada, ile hela ya serikali inarudishwa kweli kweli?"

"Inarudishwa, kaka."

"Yote?"

"Yote."

Akawasha pikipiki. "Sawa. Nilikuwa namuulizia rafiki yangu."

Na makande msiyakatae. Mimi ni mtoto wa mjini Same, nimekulia nyuma ya duka la baba la kanga na vitenge, kwa hiyo mahindi na maharage vilivyochemka nusu siku sikuvihesabu kuwa chakula cha mgeni. Nikawa naaga kila nyumba nikisema nimeshiba. Mama Mshana akaniita ofisini. "Umekataa makande kwa mwenyekiti, umekataa kwa katekista, umekataa kwa mama yake katekista. Watu wanajua hujashiba, maana dukani hununui kitu. Sasa watakueleza habari za biashara zao kwa lipi?" Kuanzia siku hiyo nilikula. Sasa nimerudi mjini na ninayatafuta, siyapati yaliyopikwa vizuri.

Lakini nilichotaka kuwaeleza hasa ni habari ya kikundi cha Mama Elieza, kwa sababu kila kitu ninachojua kuhusu kazi hii nilikipata pale, na nilikipata vibaya vibaya.

Kijiji chenyewe kiko juu, upande wa Bombo, mahali ambapo tangawizi inalimwa kwenye miteremko mikali kiasi kwamba mkulima akiangusha kisu inabidi ashuke kwa jirani kukiokota. Wanaolima na kuuza kwa wingi ni kina mama, na wengi wana watoto wadogo. Mama Elieza na wenzake walikodi chumba kimoja cha tofali za kuchoma, wakawa wanapokea watoto asubuhi na kuwarudisha jioni. Mwanakikundi mmoja anabaki kwa zamu, anapika uji, anaogesha, anaamua ugomvi, na wengine wanakwenda shambani au gulioni. Wazazi wanalipia. Asiye na fedha analeta tangawizi, kikundi kinaiuza.

Tatizo lilikuwa sakafu. Ilikuwa ya udongo, na udongo ule ulikuwa na viroboto. Bwana afya alikuja, akajikuna, akasema watoto wanaotembea wanaweza kuendelea kwa muda, wachanga wasiingie kabisa, na mvua za kupandia zikianza kabla hawajaweka saruji na kujenga choo kinachofaa, atafunga. Hakuwa mkali. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kumlaumu. Kikundi kikaomba mkopo wa halmashauri kwa ajili ya sakafu, choo na magodoro ya watoto. Duru ile ikiwapita, mvua zingewakuta na udongo wao, mlango ungefungwa, na kila mama angerudi kulima mteremko na mtoto wake.

Mama Elieza mwenyewe alikuwa bado analima hivyo. Kitinda mimba wake, Eliya, alikuwa hajaanza kutembea. Mwenyekiti wa kikundi cha kulea watoto alikuwa anazunguka na wake mgongoni.

Kabla ya kukopesha, kamati hutoka wilayani kuja kukiona kikundi kwenye shughuli yake. Mama Mshana akaniachia nichague siku. Wadogo zangu, nilichagua siku ile kama mtu anayechagua mume. Jumamosi hapana, Wasabato. Jumapili hapana, Walutheri na Wakatoliki. Ijumaa mimi mwenyewe. Siku ya gulio hapana, na siku inayofuata gulio watu wamechoka. Nikauliza kama kuna harusi, ubatizo, kikao cha shule, chanjo ya mbuzi. Nikabakiwa na Jumatano safi isiyo na doa. Nikalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza mwezi ule.

Jumanne jioni, jua bado liko juu ya kilima, nikasikia pembe inalia. Inalia, inanyamaza, inalia tena. Nilikuwa nasuka mkeka kwa mama mwenye nyumba wangu, au tuseme nilikuwa namharibia mkeka. Nikauliza kama kuna msiba.

"Msiba wa nini? Kesho msaragambo," alisema. "Ndiva imepasuka."

Ndiva ni bwawa la udongo la wazee wa zamani. Maji ya kijito yanakusanyika humo usiku, asubuhi yanafunguliwa yashuke mferejini, na kila shamba lina zamu yake. Msaragambo ni kazi ya wote. Pembe ikilia jioni, kesho yake kila nyumba inatoka na jembe, na nyumba isiyotoka inapoteza zamu yake ya maji. Haya yote nilikuwa nimeyasoma. Sikuwa nimeyaweka kwenye Jumatano yangu.

Nilimpigia Mama Mshana, aliyekuwa ameshuka Same ili apande na kamati. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka.

"Gari limeshapangwa," alisema. "Tukiahirisha wanakwenda kata nyingine, na huku hawarudi duru hii. Wewe ndiye uliyeko huko, Mwanaidi. Fikiri. Ila usifikiri sana—" na mtandao ukakata, nisijue kama sentensi ilikuwa na mwisho.

Nikapanda mbio kwa Mzee Mbonea, mkuu wa ndiva, mzee mkavu mwenye kofia ya sufu ambayo sijawahi kumwona hajaivaa. Alikuwa ananoa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kuomba tusogeze siku."

"Umejuaje?"

"Mtu akipanda huku baada ya pembe kulia, hajaja kunisalimia."

Nikamweleza habari za kamati, za sakafu, za mvua. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu wachache huliweza nikiwa na wasiwasi.

"Kamati inatoka wilayani," alisema. "Na maji nayo yanatoka, mwanangu, ukuta wa chini umefunguka. Hiyo kamati yako ikikaa siku mbili itavuja?"

"Basi waruhusu hata kina mama wachache tu wabaki na kikundi."

"Nikiruhusu wachache kesho, mara nyingine nitaruhusu kijiji. Nani atachimba, mimi na kofia yangu?"

Nikashuka kwa Mama Elieza nikiwa na pendekezo la mwisho: aje yeye peke yake, afungue chumba, awaonyeshe wageni. Alikuwa anamkanda Eliya mafuta. Alinitazama kama unavyomtazama mtu anayekuuliza kama jiwe linaiva.

"Nikikosa msaragambo nakosa maji. Huo mkopo ukija, tangawizi nitaimwagilia kwa mate?"

"Na mkopo usipokuja, mama?"

Hapo hakucheka. Alimfunga mtoto mgongoni, akakaza fundo la kanga. "Ndiyo maana sikulaumu kwa kuhangaika," alisema. "Lakini kesho mimi niko ndivani. Watoto pia tunawapeleka kule kule, kwenye kivuli cha migomba. Anayenitaka anajua nilipo."

Gari lilifika asubuhi. Mbele ya chumba cha watoto kulikuwa na kufuli, na mimi. Mkuu wa kamati alikuwa Bwana Sospeter, mtu wa Kanda ya Ziwa, mrefu, mtaratibu, mwenye viatu vyeusi vilivyong'arishwa mpaka ukajiona. Nilikuwa nimetunga maelezo yenye utangulizi, sababu na ombi la radhi. Akauliza, "Kikundi kiko wapi?" na yote yakanitoka kichwani.

"Kiko kwenye tope," nikasema.

Mama Mshana akageuka upande wa gari. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Aliporudi uso wake ulikuwa wa kiofisi kabisa. "Basi, Bwana Sospeter," alisema, "twende kwenye tope."

Tulitembea kwenye kinjia cha mfereji. Tuliwasikia kabla ya kuwaona, nyimbo na majembe na mtu mmoja anayekosoa kila kitu, naye alikuwa Mzee Mbonea, juu ya ukuta. Ndiva ilikuwa imekauka nusu. Ndani yake kijiji kizima kilikuwa kinachota matope, wanaume kwa wanawake, kina mama wengi wakiwa wepesi, migongo mitupu bila watoto, wanapokezana karai. Pembeni, chini ya migomba, watoto walikuwa wamekaa kwenye majamvi na bakuli zao za uji, na mwanakikundi wa zamu alikuwa anawapangusa pua kwa mstari.

"Karibuni!" Mzee Mbonea alipaza sauti. "Majembe yako pale."

Bwana Sospeter akatabasamu. "Ahsante, mzee. Sisi tumekuja kukagua tu."

"Kagueni. Lakini msaragamboni hapiti mtu na mikono mitupu. Mwaka jana mchungaji alikuwa anapita kwenda kubatiza. Alibeba mawe kwanza, mtoto akabatizwa baadaye."

Nilitamani ukuta upasuke tena, unibebe. Kichwani nilikuwa nimeshaandika barua yangu ya kuacha kazi, na nilikuwa kwenye aya ya pili. Lakini dereva wa kamati alikuwa ameshavua shati yuko tumboni mwa ndiva, anataniana na watu kama amezaliwa pale. Mama Mshana alikuwa ameshika karai. Bwana Sospeter alitazama viatu vyake, akavivua, akaviweka juu ya jiwe, soksi ndani, akakunja suruali na kuingia. Kina mama wakapiga vigelegele. Walimweka, kwa makusudi au bila makusudi, karibu na Mama Elieza.

Kazi haikumzuia kuuliza maswali. Aliuliza kila kitu huku akichimba: akaunti, uongozi, nani anabaki na watoto nani anakwenda sokoni. Mama Elieza alijibu bila kusimamisha jembe, Eliya anaruka ruka mgongoni. Mimi nilikuwa nyuma yao na karai, naitikia kwa kichwa kila jibu sahihi, mpaka likaja swali ambalo sikuwa nimewaandaa nalo.

"Mama, watoto nimewaona, wanapendeza. Lakini niambie. Hii ni biashara, au ni ujirani?" Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. "Mtu akimwangalia mtoto wa jirani ni jambo jema, ila kesho anaweza kuchoka akaacha. Ujirani hatuukopeshi. Serikali itamdai nani?"

Mama Elieza alisimamisha jembe kwa mara ya kwanza. Akafungua mdomo. Lakini sauti iliyotoka ilitoka juu ya ukuta.

"Ujirani? Ujirani gani!" Mzee Mbonea alikuwa ameweka mikono kiunoni. "Hao wanawake wamenitoza!"

Kila mtu akageuka.

"Mjukuu wangu yule pale, mwenye fulana nyekundu. Asubuhi nimemleta nikidhani leo ni siku ya kijiji, wataniachia. Mama Elieza ananiambia tope ni bure, mtoto unalipia. Mimi! Mkuu wa ndiva! Kwenye ndiva yangu!"

"Mzee, na uji anakunywa bure?" Mama Elieza alimrudishia.

"Sikusema hivyo."

"Na juzi nani alimtoa punje ya mahindi puani?"

"Nimelipa au sikulipa?"

"Umelipa."

"Basi usinitangaze!"

"Umejitangaza mwenyewe, mzee, uko juu ya ukuta!"

Ndiva nzima ilikuwa inacheka. Bwana Sospeter peke yake hakucheka. Aliegemea mpini wa jembe akamtazama mzee kwa makini.

"Ulilipa nini, mzee?"

"Tangawizi. Kikapu kizima, ya kwangu nzuri, si ile ya kuoza."

"Na kesho utamleta tena?"

"Nisimlete nimpeleke wapi? Mama yake yuko shambani, bibi yake magoti yamemshinda. Akitoka pale anarudi ameoga na ameshiba. Hao wanawake wananinyonya, lakini wanafanya kazi." Akaonyesha ndiva yote kwa mkono. "Huu ndio ujirani, bwana. Huu haulipwi. Zamani nikipiga pembe, nusu ya kina mama wanakuja na mtoto mgongoni, wananibebea kokoto. Leo watazame. Saa nne haijafika ukuta uko kiunoni."

Bwana Sospeter aliwatazama. Alitazama kwa muda mrefu migongo ile mitupu, kisha mmoja usiokuwa mtupu, uliokuwa mbele yake.

"Na huyu mbona hayuko na wenzake?"

"Huyu hajaanza kutembea," alisema Mama Elieza. "Wachanga hatuwapokei. Sakafu ina viroboto. Nikiinama kwenye mteremko, nainama naye. Dada yake nilimlaza juu ya tuta kwenye kanga, siku moja tu, nilikuwa nimechoka. Akabiringika mpaka akazuiwa na mgomba. Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka."

Akainua jembe, akaendelea kuchimba. Nilikuwa nimemwandalia sentensi nzuri ya kufungia, kuhusu ustawi wa familia na pato la kaya. Namshukuru Mungu hakuikumbuka.

Tulikula makande mchana, kutoka sufuria moja kubwa, tope mpaka magotini. Bwana Sospeter alirudia. Hakuahidi kitu, alisema majibu yatapita njia yake ya kawaida, akavaa viatu bila kuosha miguu.

Kusubiri ndiyo sehemu ya kazi ambayo sina cha kuwafundisha. Sikuiweza. Kila siku nilikuwa na sababu mpya ya kukataliwa: viatu vyake, kufuli lile, kelele za mzee. Mama Mshana alinipa kazi ya kuhesabu viti vya ukumbi, nilipomaliza akanipa ya kuvihesabu tena. Jibu lilipofika lilikuwa ndiyo, ila pungufu: fedha zilitosha sakafu na choo, hazikutosha magodoro waliyoomba. Niliwapelekea habari nikiwa na uso wa msiba.

"Godoro?" alisema Mama Elieza. "Watoto watalala kwenye jamvi. Kiroboto ndiye tuliyekuwa tunamtafutia saruji."

Walimaliza mvua zikiwa bado mawinguni. Bwana afya alikuja, akasimama katikati ya chumba kwa muda, hakujikuna. Sasa wanarejesha mkopo kila mwezi. Kuna mwezi walikwama, tangawizi ilishuka bei, wakabanana wao kwa wao mpaka wakapata. Wana ugomvi wao, kama mtakavyoona. Msiingilie mpaka muitwe.

Asubuhi ya kwanza ya kupokea wachanga nilikuwepo. Mama Elieza alimfungua Eliya, akamkabidhi kwa mwenzake wa zamu. Eliya alilia kidogo, akaona uji, akaacha. Mama yake alichukua jembe akaondoka haraka bila kuangalia nyuma, na mimi nikamfuata, nilikuwa nashuka njia hiyohiyo. Alitembea ameinama mbele, kama alivyotembea miaka yote niliyomjua. Mara mbili mkono wake ulikwenda nyuma kumpandisha mtoto ambaye hakuwepo, ukapapasa kanga, ukarudi.

Kwenye kona, pale bonde linapofunguka, alisimama. Akanyooka polepole, kwanza kiuno, kisha mabega. Sikujua kama ni mrefu kiasi kile.

"Mwanaidi," alisema bila kugeuka, "mgongo unapigwa na upepo."

Kisha akashuka shambani, karibu anakimbia.